SOMO LA HESABU: ASILIMIA YA NINI?

Siku hizi hakuna mtu awezaye kukaa hata juma moja bila kukutana na neno "asilimia". Mkulima huambiwa kwamba mahindi yake yana unyevu wa asilimia kadha wa kadha. Mfanyakazi wa mjini huliona katika karatasi ya mshahara wake. Mwenye duka hulibandika mlangoni ili kuwavuta wanunuzi, na mkopeshaji hulitaja kwa sauti ndogo. Hata uchaguzi wa nchi huamuliwa kwa hesabu hiyo.

Lakini watu wengi, wakiwemo waliokwenda shule miaka mingi, hulisikia neno hili na kumwachia karani, au simu, afanye hesabu. Mashine ya kuhesabu haikosei kuzidisha, ila hujibu lile tu iliulizwalo, na ikiulizwa swali lisilo sawa itatoa jibu lisilo sawa. Kwa hiyo katika somo hili twataka kuonyesha njia moja iliyo nyepesi, ya kuigeuza asilimia kuwa sehemu ya kawaida kama nusu au robo. Pia twataka kumpa msomaji swali moja la kuuliza kila mara kabla ya kuanza hesabu: "Asilimia ya nini?"

KIBABA, KISAGA NA PISHI

Wazee wetu wa pwani walipopima nafaka walitumia kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili hufanya kisaga kimoja, na visaga viwili hufanya pishi moja. Yaani pishi ni vibaba vinne. Basi tazama. Ukimpa jirani kisaga kimoja cha mtama, umempa nusu ya pishi, yaani 1/2. Ukimpa vibaba viwili, umempa robo mbili za pishi, yaani 2/4. Je, jirani amepata zaidi mara ya pili? La, nafaka ni ile ile. Kilichobadilika ni chombo cha kupimia tu. Kwa sababu hiyo twasema 1/2 na 2/4 ni sehemu zilizo sawa.

Kanuni yake ni hii: ukiizidisha namba ya juu na namba ya chini kwa namba moja, au ukizigawanya zote mbili kwa namba moja, thamani ya sehemu haibadiliki. Hivyo 1/2 ni sawa na 2/4, tena ni sawa na 5/10, tena ni sawa na 50/100.

Vitabu vya shule huiita namba ya juu "kiasi", na namba ya chini huiita "asili". Basi asilimia si kitu kigeni. Ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Tusemapo asilimia 50, twasema 50/100, na msomaji amekwisha kuona kwamba hiyo ni nusu. Tusemapo asilimia 25, twasema 25/100. Gawanya juu na chini kwa 25, utapata 1/4, yaani kibaba kimoja katika pishi.

Hizi hapa ni asilimia zitumikazo sana. Afadhali kuzijua kwa moyo:

Asilimia 50 ni 1/2.
Asilimia 25 ni 1/4, na asilimia 75 ni 3/4.
Asilimia 20 ni 1/5.
Asilimia 12 na nusu ni 1/8.
Asilimia 10 ni 1/10.
Asilimia 5 ni 1/20.
Asilimia 2 na nusu ni 1/40.
Asilimia 33 na thuluthi ni 1/3.

Msomaji atatambua kwamba nyingi katika sehemu hizi zina majina ya zamani katika Kiswahili: nusu, robo, thuluthi, thumuni, ushuri. Mwislamu atoaye zaka ya fedha hutoa sehemu moja katika arobaini, nayo ndiyo asilimia 2 na nusu. Mkristo atoaye fungu la kumi hutoa asilimia 10. Basi watu wamekuwa wakiifanya hesabu hii tangu kale, ingawa hawakuliita jambo hilo asilimia.

Lakini jina peke yake halitoshi. Chukua neno thumuni, ambalo maana yake ni moja ya nane. Zamani za riale za pwani, thumuni ilikuwa moja ya nane ya riale. Baadaye ilipokuja shilingi, watu wa Kenya waliiita sarafu ya senti 50 "sumuni", na kila mtu ajua kwamba senti 50 si moja ya nane ya shilingi bali ni nusu yake. Jina la sehemu lilibaki, lakini kile kitu kizima kilibadilika. Asilimia nayo huwapoteza watu kwa namna hiyo hiyo. Humshika mtu asiyeuliza ni sehemu ya kitu gani.

MASWALI NI YA NAMNA TATU TU

Katika kila hesabu ya asilimia mna mambo matatu: kitu kizima, sehemu yake, na asilimia. Ukipewa mawili, utaitafuta ya tatu.

Namna ya kwanza: twajua kitu kizima na asilimia, twatafuta sehemu. Chama cha ushirika kina wanachama 480, na asilimia 35 kati yao ni wanawake. Wanawake ni wangapi? Andika 35/100. Gawanya juu na chini kwa 5, utapata 7/20. Sasa wagawe wanachama 480 katika mafungu 20, kila fungu litakuwa na watu 24. Twataka mafungu 7. Basi 24 mara 7 ni 168. Wanawake ni 168.

Namna ya pili: twajua kitu kizima na sehemu, twatafuta asilimia. Mkulima ataka kujaribu mbegu zake kabla ya mvua. Amezifunga mbegu 40 katika kitambaa chenye maji, na baada ya siku kadhaa 34 zimechipua. Andika 34/40. Gawanya juu na chini kwa 2, utapata 17/20. Sasa twataka namba ya chini iwe 100. Ishirini huingia katika mia mara 5, basi zidisha juu na chini kwa 5, utapata 85/100. Mbegu zenye uhai ni asilimia 85. Faida ya kujua hivyo ni hii: akitaka miche 340, asipande mbegu 340. Katika kila mbegu 20 zitachipua 17. Gawanya 340 kwa 17, utapata mafungu 20. Na mafungu 20 ya mbegu ishirini ishirini ni mbegu 400.

Namna ya tatu: twajua sehemu na asilimia, twatafuta kitu kizima. Mtu amelipa shilingi 13,500 kuwa malipo ya kwanza ya pampu ya maji, naye ameambiwa kwamba hayo ni asilimia 30 ya bei. Bei yote ni kiasi gani? Asilimia 30 ni 3/10. Ikiwa mafungu matatu ni shilingi 13,500, basi fungu moja ni 4,500, na mafungu kumi ni shilingi 45,000. Akiambiwa kwamba bei ni 48,000, na aulize tena.

Msomaji ataona kwamba katika namna zote tatu hatukufanya jambo jipya. Tuliigeuza asilimia kuwa sehemu ndogo, tukatafuta fungu moja, kisha tukahesabu mafungu tuliyoyataka.

KODI ILIYOMO NDANI YA BEI

Sasa tuje kwenye mahali ambapo watu hukosea. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile iandikwayo VAT kwenye risiti, ilianza kutozwa Kenya mwaka 1990. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Tuseme umenunua bati, ukalipa shilingi 1,160, kodi ikiwa imo ndani. Kodi ni kiasi gani?

Wengi watafuta asilimia 16 ya 1,160 na kupata shilingi 185 na senti 60. Jibu hilo si sahihi. Asilimia ya nini? Kodi ni asilimia 16 ya bei kabla ya kodi, wala si ya fedha zote ulizolipa. Asilimia 16 ni 16/100, nayo ni sawa na 4/25. Yaani bei ya bati yenyewe ni mafungu 25, na kodi ni mafungu 4 yaliyoongezwa juu yake. Jumla uliyolipa ni mafungu 29. Gawanya 1,160 kwa 29, utapata 40. Kodi ni 40 mara 4, yaani shilingi 160. Na bei ya bati ni 40 mara 25, yaani shilingi 1,000. Ukijumlisha, utarudi kwenye 1,160.

Mwaka 2020, tangu tarehe 1 Aprili, serikali iliipunguza kodi hiyo ikawa asilimia 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Kwa asilimia 14 bati lile lingekuwa shilingi 1,140. Bei ingepungua shilingi 20, ambazo ni 2/100 ya 1,000, wala si ya 1,160. Mwenye duka na mnunuzi wakijua jambo hili, hawatakuwa na sababu ya kugombana.

KUPANDA NA KUSHUKA

Mbuzi aliuzwa shilingi 8,000. Bei ikapanda kwa asilimia 25, kisha ikashuka kwa asilimia 25. Je, imerudi pale pale? Watu wengi watajibu ndiyo. Hebu tuhesabu. Robo ya 8,000 ni 2,000. Basi bei ilipanda hata ikafika 10,000. Robo ya 10,000 ni 2,500; basi bei ilishuka hata ikafika 7,500. Muuzaji amepoteza shilingi 500.

Sababu ni kwamba robo ya kwanza ilikuwa ya 8,000, na robo ya pili ilikuwa ya 10,000. Kitu kizima kilikuwa kimekua. Ili bei irudi 8,000 inapasa kushuka shilingi 2,000 kutoka 10,000, yaani 1/5, nayo ni asilimia 20 tu. Kwa hiyo dukani utakapoona tangazo la kupunguziwa bei, usitazame asilimia peke yake, bali uliza imepunguzwa kutoka bei gani, na bei hiyo ilipandishwa lini.

RIBA YA MWEZI NA RIBA YA MWAKA

Mkopeshaji mmoja asema, "Riba yangu ni asilimia 10." Mwingine asema, "Yangu ni asilimia 12." Mwenye haraka atamkimbilia wa kwanza. Lakini wa kwanza ana maana ya kila mwezi, na wa pili ana maana ya mwaka mzima. Ukikopa shilingi 5,000 kwa yule wa kwanza, na ukawa hujapunguza deni, kila mwezi atataka 1/10, yaani shilingi 500. Katika miezi kumi na miwili utakuwa umelipa riba ya shilingi 6,000, ambazo ni zaidi ya mkopo wenyewe, na deni la 5,000 lingali palepale. Hiyo ni 6/5, au asilimia 120 kwa mwaka. Kwa yule wa pili riba ya mwaka ingekuwa shilingi 600 tu. Basi katika mkopo uliza maswali mawili: asilimia ya nini, na kwa muda gani?

MAHINDI YALIYOPUNGUA GHALANI

Hesabu ifuatayo ni ngumu kidogo, lakini imewahi kuvunja urafiki wa watu wengi. Mahindi yakivunwa huwa na maji ndani yake. Bodi ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13 na nusu, kwa kuwa nafaka isiyokauka huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya. Kwa hiyo kukausha ni lazima.

Tuseme umempa ndugu yako kilo 105 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 25 ili akuanikie. Amerudisha mahindi yenye unyevu wa asilimia 12 na nusu. Yapasa yawe kilo ngapi?

Mtu mwenye haraka atasema: unyevu umepungua kwa 12 na nusu katika mia, nayo ni 1/8. Moja ya nane ya 105 ni kama kilo 13. Basi nategemea karibu kilo 92. Akipima na kukuta kilo 90 kamili, atamshuku ndugu yake kwa kilo mbili.

Lakini asilimia ya nini? Ile 25 ilikuwa ya uzito wa kwanza, na ile 12 na nusu ni ya uzito mpya. Hazitoki katika kitu kizima kimoja, kwa hiyo haifai kuzitoa moja kwa nyingine. Njia iliyo sawa ni kutafuta kitu kisichobadilika. Jua limechukua maji; halikuchukua mahindi makavu yenyewe. Mwanzo maji yalikuwa 1/4, basi ukavu ulikuwa 3/4 ya kilo 105, yaani kilo 78 na robo tatu. Mwisho maji ni 1/8, basi ukavu ni 7/8 ya uzito mpya. Ikiwa mafungu 7 ni kilo 78 na robo tatu, fungu moja ni kilo 11 na robo, na mafungu 8 ni kilo 90.

Basi gunia la kilo 90 ni halali kabisa. Ndugu yako hakuchukua hata punje moja. Kilo 15 zilizopungua zote zilikwenda hewani.

ASILIMIA KATIKA KATIBA

Raia naye ahitaji hesabu hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba mtu hawi Rais ila apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na tena apate angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47. Nusu yake ni 23 na nusu. Kwa hiyo zaidi ya nusu ni kaunti 24. Robo ile ni ya kura zilizopigwa katika kaunti, wala si ya watu wote walioandikishwa. Kama katika kaunti fulani watu 200,000 walijiandikisha, na kura zilizopigwa ni 160,000, robo itakiwayo ni 40,000 wala si 50,000.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mshindi wa urais amepata asilimia 50.07. Hapo likazuka swali lile lile la somo letu: je, kura zilizoharibika zihesabiwe katika kitu kizima au zisihesabiwe? Namba ya chini ikipungua, asilimia ya kila mgombea huongezeka, ingawa hakuna aliyeongezewa kura hata moja. Mahakama ya Juu iliamua mwaka huo kwamba kura zilizoharibika zisiingizwe katika hesabu ya asilimia.

Tena Katiba yaamuru kwamba kaunti zote zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu, yaani 3/20. Lakini ni mapato ya mwaka gani? Yameandikwa wazi: ni yale ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Hesabu zikichelewa kukaguliwa, zile 3/20 hutolewa katika mapato ya miaka iliyopita, ambayo huenda yakawa madogo kuliko ya sasa. Asomaye "asilimia 15" bila kusoma maneno yanayofuata amesoma nusu ya sheria.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mayai 60 yalisafirishwa, 9 yakavunjika. Yaliyovunjika ni asilimia ngapi?

2. Umelipa shilingi 2,610, pamoja na kodi ya asilimia 16. Kodi ni kiasi gani?

3. Mtoto alipata 34 katika 50 kwenye mtihani wa Kiswahili, na 27 katika 36 kwenye mtihani wa hesabu. Alifanya vizuri zaidi wapi?

4. Bei ya blanketi imepunguzwa kwa asilimia 20, nayo sasa ni shilingi 960. Bei ya kwanza ilikuwa ngapi?

5. Kilo 126 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 25 zimekaushwa hadi asilimia 12 na nusu. Zimebaki kilo ngapi?

Jaribu kwanza kwa kalamu na karatasi kabla ya kutazama majibu. Ukishindwa na moja, rudi katika sehemu ya somo ihusuyo swali hilo, kisha ujaribu tena. Wenye watoto shuleni wanaweza kuyafanya pamoja nao jioni, kwa kuwa mtoto akiona hesabu imemwokolea baba au mama shilingi mia moja, hataiona tena kuwa adhabu ya mwalimu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nalo daftari halimfai mtu asiyejua kila namba iliyomo ni sehemu ya kitu gani.

MAJIBU: (1) 9/60 ni 3/20, ni asilimia 15. (2) 2,610 gawanya kwa 29 ni 90. Kodi ni shilingi 360. (3) Kiswahili asilimia 68, hesabu asilimia 75. Alifanya vizuri zaidi katika hesabu. (4) 960 ni 4/5. Bei ya kwanza ni shilingi 1,200. (5) Kilo 108.